Baba na Barua: Mhusika Nurullah Katika Sinema ya The Breadwinner

Katika makala haya tunakusudia kumchambua mhusika ambaye hakuumbwa kwa Kiswahili wala hakuchorwa Afrika. Hata hivyo, sisi tunaofundisha huku Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tumejikuta tukimjadili kwa majuma kadhaa kana kwamba ni jirani yetu. Mhusika huyo ni Nurullah, baba yake Parvana, katika sinema ya katuni iitwayo The Breadwinner, jina ambalo twaweza kulifasiri kuwa Mtafuta Riziki. Huenda wako watakaoona kwamba kurasa hizi zingefaa kushughulikia vitabu vyetu kwanza. Jibu letu ni kwamba wanafunzi wetu hutazama sinema kuliko wanavyosoma vitabu, na mwalimu asiyekubali kukihakiki kile akitazamacho mwanafunzi wake amejitoa mwenyewe katika mazungumzo.

Tuliitazama sinema hii jioni moja pamoja na wanafunzi wachache, mmoja wetu akiyafasiri mazungumzo kwa Kiswahili kadiri yalivyopita, kama wafanyavyo wafasiri wa vibanda vya sinema katika miji ya Uganda. Ilipokwisha, taa ikawashwa, na kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, na kama baba hajui kusoma, atamwachia nini mwanawe?" Usiku ule hatukuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Asili ya Kisa

Sinema hii ilitolewa mwaka 2017. Iliongozwa na Nora Twomey wa studio ya Cartoon Saloon, iliyoko katika mji wa Kilkenny nchini Ayalandi, kwa ushirikiano na watayarishaji wa Kanada na Luxembourg. Mwaka 2018 iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar ya sinema ndefu ya katuni, ingawa haikuipata. Msingi wake ni riwaya ya Deborah Ellis, mwandishi wa Kanada, iliyochapishwa mwaka 2000. Ellis aliipata mada yake kwa kuzungumza na Waafghani waliokuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan. Asili hiyo si jambo dogo kwetu. Kisa hiki kilizaliwa kambini, vinywani mwa watu waliokwisha kuacha nyumba zao, kabla hakijafika mezani kwa mchoraji.

Mandhari yake ni mji wa Kabul, mwaka 2001, chini ya utawala wa Taliban. Nurullah alikuwa mwalimu. Sasa shule hana, na mguu mmoja aliupoteza vitani. Hukaa sokoni juu ya mkeka pamoja na binti yake Parvana, mwenye umri wa miaka 11, akiwasomea na kuwaandikia barua watu wasiojua kusoma, na kuuza vitu vichache vya nyumbani vilivyosalia. Kijana mmoja wa Taliban, Idrees, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, anajiona ametukanwa, na jioni ile ile Nurullah anakamatwa mbele ya mkewe na watoto wake na kupelekwa gerezani. Nyumba inabaki na mama, mabinti wawili na mtoto mchanga wa kiume, katika mji ambamo mwanamke haruhusiwi kutoka nje bila mwanamume. Parvana anakatwa nywele, anavaa nguo za kaka yake marehemu, Sulayman, anajiita Aatish, na kutoka kwenda kutafuta riziki na kumtafuta baba.

Utawala ule uliangushwa mwishoni mwa mwaka 2001, na ilidhaniwa kwamba sinema hii ingebaki kuwa kumbukumbu ya kihistoria. Lakini mwezi Agosti 2021 Taliban walirudi Kabul, na wasichana wakafungiwa tena milango ya shule za sekondari. Siku chache baadaye, tarehe 25 Agosti, watu 51 waliohamishwa kutoka Afghanistan walitua Entebbe. Basi mtu asituambie kwamba kisa hiki ni cha mbali. Kimekwisha kukanyaga udongo wa Uganda.

Jina la Baba

Tuanze na neno lenyewe. Katika darasa moja la Kashojwa, mtoto wa Kikongomani humwita mzazi wake "papa", wa Kinyankole "taata", wa Kisomali "aabbe". Kiswahili ndicho kinachowakusanya wote chini ya neno "baba". Sasa, Parvana wa Kabul, ingawa katika sinema anasema Kiingereza, humwita mzazi wake "Baba" tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndilo neno la lugha ya nyumbani kwake pia. Mfasiri wetu alihangaika na mengi usiku ule, lakini neno hilo halikumpa kazi hata kidogo. Tuliona watoto wakigeukiana kila lilipotamkwa. Hatudai kwamba hapa pana ujamaa wa lugha, kwani mataifa mengi humwita mzazi kwa sauti zilizo nyepesi kinywani mwa mtoto. Tunalosema ni kwamba msanii hakukusudia kutusemesha sisi, na bado tulisemeshwa.

Majina mengine nayo yana siri. Nurullah, kama ajuavyo kila msomaji wa Kiswahili, ni nuru ya Mwenyezi Mungu. Parvana, katika Kiajemi, ni kipepeo, na hasa yule nondo wa usiku aizungukaye taa, mfano ambao washairi wa Kiajemi wameutumia kwa karne nyingi kueleza mapenzi yasiyojali kuungua. Aatish, jina alilojichagulia msichana alipojigeuza mvulana, ni moto. Hala, jina la mwanamke ambaye tutamtaja baadaye, ni lile duara la nuru lizungukalo mwezi. Ukiyaweka majina haya pamoja utaona mpango mzima wa kisa: taa inaondolewa nyumbani, nondo, badala ya kufa gizani, anakuwa moto yeye mwenyewe. Sinema haiusimamishi mwendo wake ili kutufafanulia hayo, na imefanya vyema kutotufafanulia. Lakini mwalimu wa Kiswahili, mwenye Kiarabu na Kiajemi katika msamiati wake wa kila siku, ana haki na wajibu wa kuyafunua.

Baba wa Mkekani

Tukitaka kuona upya wa mhusika huyu, tumlinganishe na baba wa katuni anayejulikana kuliko wote Afrika Mashariki, Mufasa wa The Lion King ya mwaka 1994, sinema iliyoazima majina yetu ya Simba, Rafiki na Pumbaa. Mufasa ni mfalme. Ubaba wake umo katika nguvu za mwili na katika enzi, na urithi wake kwa mwana ni kiti na ardhi yote ifikiwayo na jua. Anapokufa, hurudi mawinguni na kutoa amri kwa sauti kubwa.

Nurullah hana hata kimoja cha hivyo. Hawezi kupigana, maana ana mguu mmoja na fimbo. Hawezi kulisha nyumba kwa kutosha. Gauni jekundu la Parvana, lililo zuri kuliko nguo zake zote, limetandikwa pale mkekani liuzwe. Anapokamatwa hatokei mawinguni. Anachokifanya katika dakika zile chache alizopewa ni kusema na binti yake. Anamsimulia historia ya nchi yao, jinsi madola makubwa yalivyopita juu yake moja baada ya jingine, na anamtaka naye asimulie. Msichana anakataa, kwake hadithi ni mambo ya kitoto, na zimekuwa chungu tangu kaka yake alipokufa. Baba hamlazimishi. Anaacha mlango wazi, basi.

Hapa wasomaji wa fasihi yetu hawatakosa kukumbuka ndugu zake Nurullah. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi uwe urithi wake. Karibu miaka 100 baadaye Shaaban Robert, aliyekuwa amefiwa na mke na kubaki na watoto mikononi, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Katika fasihi ya Kiswahili, basi, mzazi anayeacha maneno badala ya mali si mgeni. Lakini iko tofauti ambayo yafaa tuipime. Mwana Kupona na Shaaban Robert huacha nasaha: fanya hivi, jihadhari na vile. Nurullah haachi nasaha nyingi. Anaacha kazi mbili za mkono na ulimi, yaani kusoma na kusimulia, na anaziacha kwa kuzifanya mbele ya mtoto kila siku pale sokoni. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kulea kwa Nurullah ni kumkalisha mtoto karibu na kazi yake.

Baba Asiyekuwapo

Nurullah huondolewa mapema katika sinema, na tangu hapo tunamwona kwa nadra. Kifani hili ni jambo la hatari, kwa kuwa mhusika asiyeonekana husahaulika upesi. Nora Twomey ameikwepa hatari hiyo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mkeka. Parvana, sasa Aatish, anarudi pale pale sokoni, anakaa mahali pa baba, na kufanya kazi ya baba. Anaposhika barua ya mtu mwingine na kuisoma kwa sauti, tunamwona Nurullah katika vidole vya bintiye. Njia ya pili ni hadithi. Usiku, ili kumtuliza mdogo wake, msichana aliyekataa kusimulia anaanza kusimulia kisa cha mvulana anayekwenda mlimani kwa Mfalme Tembo kudai mbegu za kijiji chake zilizoibwa. Kisa hicho kimechorwa kwa mtindo mwingine kabisa, kama karatasi zilizokatwa na kupakwa rangi kali, hata mtazamaji hapotei kati ya Kabul na hadithi. Kinasimuliwa vipande vipande, kwa mdogo wake, kwa rafiki yake Shauzia, na kwa nafsi yake yeye mwenyewe, mpaka mwisho tunapofahamu kwamba mvulana yule ni Sulayman, kaka aliyeokota kitu cha kuchezea barabarani, nacho kikalipuka. Baba alimfundisha kusimulia, na kusimulia kumempa njia ya kukitaja kifo ambacho nyumba nzima ilishindwa kukitaja.

Yafaa pia tulinganishe mwisho wa sinema na mwisho wa riwaya. Katika riwaya ya Ellis, baba huachiliwa na kurudishwa nyumbani, na binti humkuta huko. Katika sinema, binti huenda mwenyewe hadi gerezani, ndege za kivita zikiwa angani, na kumtoa baba akiwa dhaifu, hajiwezi, juu ya mkokoteni anaousukuma kwa mikono yake. Sisi tunauona uamuzi huu kuwa bora kuliko ule wa kitabu. Aliyebebwa amekuwa mbebaji. Wala baba hajapungua kwa kubebwa, kwa sababu katika mwendo ule wanayashika maneno ya hadithi kwa zamu, yeye na bintiye, kama watu wawili wenye kazi moja.

Kasoro

Hayo ni mazuri yake. Lakini uhakiki usiotaja kasoro ni utenzi wa sifa, na sisi hatukukusudia kumwimbia mtu.

Kasoro kubwa ya Nurullah ni kwamba hana kasoro. Hakasiriki isivyo haki, hachoki mbele ya watoto, hakosei. Hata lile jibu alilompa Idrees sokoni, lililomtia gerezani na kuiacha nyumba nzima bila mlinzi, linapita kama tendo la heshima tupu. Msanii hatupi nafasi ya kuuliza kama baba mwenye watoto anaruhusiwa kusema ukweli kwa gharama ile, au kama mkewe alimlaumu moyoni. Swali hilo ni gumu, na jibu lake si moja. Lakini kutoliuliza ni kumpunguzia mhusika utu.

Zaidi ya hayo, yuko huyo Idrees. Alikaa mbele ya Nurullah darasani. Alifundishwa na mwalimu yule yule aliyemfundisha Parvana, na ndiye aliyekuja kumkamata. Sisi walimu hatuwezi kuliruka jambo hili kama sinema ilivyoliruka. Ikiwa Parvana ni ushahidi wa nguvu ya malezi ya Nurullah, Idrees ni ushahidi wa mpaka wa nguvu hiyo. Kulikuwa na nini katika darasa lile ambacho hakikumfikia mvulana yule? Je, vita vilimchukua mapema mno, au mwalimu hakumwona? Kama msanii angetupa hata picha moja ya Nurullah akimkumbuka mwanafunzi wake aliyepotea, tungempata baba aliye kamili zaidi.

Tunajua kwamba studio hiyo yaweza kufanya hivyo, kwa sababu ilifanya miaka mitatu baadaye. Katika Wolfwalkers ya mwaka 2020, ambayo nayo ni kisa cha kihistoria cha Kilkenny mwaka 1650, yumo baba aitwaye Bill Goodfellowe, mwindaji Mwingereza aliyeletwa kuwaua mbwa mwitu. Anampenda binti yake Robyn, na kwa kumwogopea anamfungia ndani ya kuta za mji na kumtia katika kazi za jikoni. Mapenzi yake yamekuwa gereza, na inambidi akosee sana kabla hajafunguka macho. Bill si mwema kama Nurullah, lakini ni mtu zaidi kuliko yeye. Twaweza kusema kwamba Nurullah ni baba kama anavyokumbukwa na mtoto aliyemkosa, na huenda huo ndio utetezi wake ulio bora: tunamwona kwa macho ya Parvana, na mtoto ambaye baba yake amechukuliwa hana nafasi ya kumhesabia makosa.

Akina Baba wa Kashojwa

Sasa turudi katika swali la kijana wetu, kwa maana ndilo lililo na uzito. Makazi ya Nakivale yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati yalipowapokea Wanyarwanda, na tangu hapo yamepokea Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Yako katika Wilaya ya Isingiro, si mbali na Mbarara, kando ya ziwa lililoyapa jina. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kwenda atakako, na wengi hupewa kipande cha ardhi. Hayo ni mema, na si nchi nyingi zinazoyafanya. Lakini kipande cha ardhi si kazi aliyokuwa nayo mtu huko Bukavu au Kismaayo, na mgawo wa chakula ukipunguzwa, kama ulivyopunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, ndipo hesabu ya nyumba inapoharibika.

Mtafiti Simon Turner, aliyefanya uchunguzi katika kambi ya Lukole huko Ngara, Tanzania, miongoni mwa Warundi katika miaka ya 1990, ameeleza jinsi watu walivyonung'unika kwamba shirika la Umoja wa Mataifa limekuwa ndilo mume na ndilo baba, kwa kuwa ndilo linalolisha, na wanaume wamebaki bila cheo. Nasi tumeyaona hayo kwa macho yetu. Tumemwona mzee aliyekuwa fundi wa watu kumi akisimama katika foleni nyuma ya mwanawe wa miaka 12, kwa sababu mtoto ndiye ajuaye Kiingereza kidogo na ndiye atakayemsomea karatasi aliyopewa. Mtoto anasoma, baba anatazama chini. Wakirudi nyumbani hawasemezani.

Katika hali hiyo Nurullah aweza kuwa mfano unaoumiza. Ni rahisi kumpenda baba aliyechukuliwa na wenye bunduki huku akiwa na kitabu mkononi. Ni vigumu zaidi kumheshimu baba aliyeketi mlangoni kutwa nzima, asiyejua kusoma, ambaye hasira zake ndizo kitu pekee alichobaki nacho. Mwalimu akiwaambia wanafunzi "baba bora ni kama Nurullah" atakuwa amewahukumu wazazi wao wengi bila kuwasikiliza. Nadhani ndicho alichokihisi kijana yule alipouliza.

Lakini sinema ina baba wa pili, na wahakiki wengi humpita. Ni Razaq. Huyu ni mtu mzima, mwenye silaha, wa upande ule ule uliomkamata Nurullah, na hajui kusoma. Anamletea Aatish barua na kumwomba amsomee. Barua ina habari kwamba Hala, mkewe, amekufa kwa bomu lililotegwa ardhini. Fikirini uzito wa tukio hilo: mtoto mdogo anamtamkia mtu mzima msiba wake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ufunguo wa maandishi. Razaq hageuki kuwa mkali. Anaondoka na huzuni yake, kisha siku nyingine anarudi, naye anataka aonyeshwe jinsi jina la Hala linavyoandikwa. Mtoto anamwonyesha. Mtu mwenye bunduki anajifunza neno moja, na neno lenyewe ni jina la mpenzi wake. Baadaye, kwa kuhatarisha nafsi yake na kupigwa risasi, ndiye anayemtoa Nurullah gerezani na kumkabidhi kwa bintiye.

Tunasema bila kusitasita kwamba Razaq ndiye mhusika wa Kashojwa. Nurullah alitoa elimu, Razaq aliipokea. Na aliipokea kutoka kwa mtoto, hadharani, sokoni, pasipo kuona kwamba heshima yake imeanguka. Kama asingeinama, Nurullah angefia gerezani. Kwa maneno mengine, elimu aliyoiacha baba mmoja ilimwokoa kwa sababu baba mwingine alikubali kufundishwa. Hicho ndicho kiini cha dhamira ya sinema hii kwa maoni yetu, na hakimo katika jina lake, kwa kuwa jina lahusu riziki, na kisa kinahusu kitu kinachobaki riziki inapokosekana.

Hitimisho

Je, baba asiyejua kusoma atamwachia nini mwanawe? Sasa twaweza kujibu. Atamwachia yale ayajuayo: kisa cha kijiji alichokiacha, jina la mto, jinsi ya kuchagua mbao au kumtibu ng'ombe, na sababu iliyomfanya aondoke usiku ule, ambayo huenda hajaisema mpaka leo. Anachohitaji ni mtu wa kumwandikia. Na mtu huyo anaye, nyumbani mwake.

Ndugu walimu, mtaala mpya wa sekondari wa Uganda wa mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, na katika kila mtaala wa Kiswahili tuujuao uandishi wa barua haukosekani. Tumeufundisha kwa ukavu mno: anwani hapa, tarehe pale, barua kwa mjomba ambaye hayupo kuhusu likizo ambayo haikutokea. Sisi huku Kashojwa tumejaribu jambo lingine. Tumewaambia wanafunzi waende nyumbani, wakae chini, wamwombe baba au mama au mlezi aseme kwa lugha yoyote aipendayo barua ambayo angependa kumpelekea mtu aliyemwacha nyuma. Mtoto aiandike kwa Kiswahili, kisha amsomee tena aliyeisema, amsahihishe.

Baadhi hawakuandika kitu. Wazazi walikataa, na tumelipokea hilo. Wengine walileta mistari mitatu. Kijana aliyetuuliza swali alichelewa siku mbili, kisha akaleta kurasa nne, zenye makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi na kufutwafutwa kila mahali. Tulipomuuliza mbona zimefutwa hivyo, alisema kwamba baba alikuwa akimrudisha nyuma kila mara, akisema, hapana, haikuwa hivyo, andika tena.